Stika Ni Rangi ama Si Rangi?

Gari ya binamu yangu ni Mazda Demio. Kwenye logbook ni silva. Kwa macho ni kijani iliyokoza, ile haing'ai hata kwa jua la saa saba, na ikipita mtaani watoto wa ploti wanasimama kuitazama. Hakuipiga rangi. Aliivika stika ya vinaili kutoka boneti hadi buti, ile kitu wasee wa magari wanaita rapu. Siku mbili gereji, vijana wawili, mashine ya kupuliza hewa moto na kisu chembamba, kwisha. Fundi alimwambia asiwe na wasiwasi: "Hii si rangi, bro. Hii ni nguo tu. Ukichoka unaivua."

Basi tukitoka ushago Jumapili moja tukasimamishwa. Afande akaangalia bima, sawa. Leseni, sawa. Matairi, sawa. Akazunguka gari mara mbili, akapiga simu mahali, akasoma namba. Aliporudi alikuwa anatabasamu, na kama umewahi kuendesha gari Kenya unaijua hiyo tabasamu.

"Kijana, hii namba ni ya gari silva."

"Ndiyo mkubwa, ni silva. Hii ni stika tu."

"Stika ni rangi ama si rangi?"

Binamu yangu akafungua kifuniko cha tangi la mafuta, pale ndani fundi hakufika, silva ikaonekana. Afande akaangalia, akaguna, akasema hiyo haimaanishi kitu, kila gari ya wizi huwa na rangi yake ya zamani mahali. Tulikaa pale masaa matatu. Mteja wa binamu yangu wa saa kumi na moja akapata gari nyingine. Vile tulivyoondoka sitaandika hapa.

Lakini lile swali limenikaa kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu nilitaka kumkasirikia yule afande na nikashindwa kabisa. Swali lake ni zuri. Stika ni rangi ama si rangi? Na kwani serikali inajali rangi ya gari yangu kwa nini? Nimesoma, nimeuliza, na nilichopata ni hadithi ndefu kuliko nilivyotarajia. Kaa chini.

Kwanza, hii mambo ya kuandika rangi ya gari kwenye daftari la serikali haikuanza na NTSA wala KRA. Ina zaidi ya miaka 120. Uingereza walitunga Sheria ya Magari mwaka 1903, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1904, na ndiyo ilileta namba za gari huko kwao. Kila kaunti ya Uingereza ikatakiwa kuweka daftari. Karani aliandika jina la mwenye gari, anapoishi, aina ya gari, uzito, kama ni ya binafsi au ya biashara, na rangi. Yaani rangi ilikuwa pale tangu siku ya kwanza, bega kwa bega na namba.

Ukifikiria unaona maana yake. Barabara za vumbi, magari machache, na polisi wa kijiji amesimama kando ya njia bila simu wala kamera. Gari imegonga kuku, au mbaya zaidi imegonga mtoto, na imeondoka kasi. (Kasi ya siku hizo: sheria hiyo iliweka mwisho wa maili 20 kwa saa, boda ya kwetu inacheka.) Namba hakuiona kwa vumbi. Lakini aliona ni gari nyekundu. Kwa wilaya yenye magari kumi, hiyo inatosha kabisa. Mwaka 1920 wakaongeza Sheria ya Barabara, ikaja na kitabu ambacho mwenye gari anakaa nacho, na hapo ndipo hili jina logbook linatoka.

Sasa njoo huku kwetu. Sheria ya Trafiki, Sura 403, ile ile tunayoshtakiwa nayo hadi leo, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1954. Hebu angalia huo mwaka. Kenya iko kwenye Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Aprili hiyo hiyo ya 1954 Waingereza walifunga Nairobi wakakamata maelfu ya watu mtaa kwa mtaa, ile operesheni waliita Anvil. Sisemi Sheria ya Trafiki iliandikwa kwa sababu ya Mau Mau, hapana, hiyo ingekuwa kujitungia. Ilikuwa ni sheria ya magari tu, imekopwa kutoka kwa wenyewe. Lakini ilizaliwa wakati ambapo serikali ilimjua Mwafrika kupitia karatasi, na karatasi ziliangaliwa kizuizini. Huo mtindo wa kusimama barabarani na kulinganisha mtu na karatasi yake haukuondoka na bendera ya Mwingereza.

Na kanuni yenyewe ni rahisi: wewe ukiwa mwenye gari, jambo lolote likibadilisha maelezo yaliyo kwenye rejista, unatakiwa kumjulisha msajili na kupeleka kitabu kirekebishwe. Rangi ni moja ya maelezo hayo. Injini ni nyingine. Bodi ni nyingine. Haisemi umekatazwa. Inasema utuambie.

Shika hilo, tutarudi.

Kama kanuni ni rahisi hivyo, mbona nikiuliza wasee kumi wenye magari yaliyovikwa stika, tisa wanasema hawajabadilisha logbook na hata hawakujua? Jibu langu ni matatu. Usicheke. Hadithi ya rangi ya gari Kenya haikuandikwa kwenye magari ya binafsi. Iliandikwa kwenye matatu, na iliandikwa vibaya.

Hilo jina unajua linatoka kwa mang'otore matatu, senti kumi kumi tatu kwa Gikuyu, nauli ya zamani. Kwa miaka mingi zilibeba watu kinyume cha sheria, kwa sababu Nairobi haki ya kubeba abiria ilikuwa ya Kenya Bus Service. Halafu mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta akatangaza kwamba ziachwe zibebe watu bila ile leseni ya usafiri waliyokuwa wakidaiwa. Tangazo tu, na jana yako ya uhalifu inakuwa leo yako ya biashara. Sheria ya kuziweka matatu kwenye leseni na ukaguzi ilikuja 1984, miaka 11 baadaye.

Kumbuka huo mpangilio: mkubwa anasema kwanza, karatasi inafuata baadaye, kama itafuata.

Miaka ya tisini ikaja na manyanga. Mimi sikuwepo, lakini mjomba wangu akianza kusimulia huwezi kumnyamazisha. Anasema ulikuwa unaacha tatu tupu zipite ukingojea ile moja ya mtaa wenu, na kama ni Buruburu basi hata zaidi. Nyuso za marapa wa Marekani, nembo za timu, majina ya filamu, taa za zambarau chini ya viti. Yote kwa mkono, kwa bomba la rangi, na kijana ambaye hakuna shule ya sanaa ingemchukua alikuwa na ukuta wa chuma unaotembea jiji zima ukionyesha kazi yake. Rangi ya gari haikuwa maelezo kwenye daftari tena. Ilikuwa ni tangazo, ni mtaa, ni jina. Na logbook? Mjomba anasema hakuna mtu aliwahi kutaja logbook.

Lakini pia watu walikuwa wanakufa. Hilo lisemwe. Nissan ya abiria 18 ikibeba 25, bila mikanda, muziki unapiga mpaka huwezi kusikia mtu akisema "shukisha". Kwa hivyo serikali ya Kibaki ilipoingia, Waziri wa Uchukuzi John Michuki akaja na Notisi ya Kisheria namba 161 ya Oktoba 2003. Wengi tunaijua kama sheria za Michuki. Mikanda. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Abiria 14. Dereva sare ya bluu, makanga sare ya maruni. Na mstari wa manjano usiokatika, upana wa milimita 150, pande zote mbili na nyuma.

Milimita 150! Mtu alikaa ofisini na rula.

Tarehe ya mwisho ilikuwa 1 Februari 2004, Jumapili. Jumatatu Nairobi ilitembea. Mamangu alitoka Kangemi hadi mjini kwa miguu, viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, na anasema barabara ya Waiyaki ilijaa watu kama ni maandamano lakini hakuna aliyekuwa na hasira. Watu walikuwa wamechoka na matatu. Walimpenda Michuki kwa hilo, na wengine bado wanampenda, alifariki 2012 na hadi leo matatu ikifanya ujinga utasikia mzee nyuma akisema "huyu anataka Michuki."

Matatu ziliporudi barabarani, zilirudi zikiwa zimenyamaza. Nyingi nyeupe, mstari wa manjano, jina la ruti, basi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo na hizo ndizo matatu ninazokumbuka. Nilidhani matatu huzaliwa nyeupe.

Sasa tuwe wakweli kuhusu kile mstari ulifanya. Mikanda na vidhibiti mwendo viliokoa watu, siwezi kubisha. Lakini mstari wa manjano hauokoi mtu. Mstari unafanya kazi ile ile ya karani wa 1904: unamwezesha mtu aliyesimama kando ya barabara kujua hii ni gari gani bila kuuliza. Hii ni ya abiria, ile si ya abiria. Ni jambo la maana. Ukiwa msichana saa tatu usiku stejini, unataka kujua. Shida yangu ni kwamba vyote vilikuja kwenye kifurushi kimoja, na michoro ikatupwa pamoja na uzembe kama vile mchoro wa Tupac ndio ulikuwa unapita kwenye kona bila breki.

Na rangi haikufa, ilibadilisha mlango. Baada ya Michuki kampuni zenye mabasi zikaja na rangi zao, Citi Hoppa kijani, Double M zambarau, na hakuna aliyelalamika. Rangi moja, kampuni moja, unaijua ukiwa mbali. Serikali haikuwahi kuchukia rangi, naona. Ilichukia rangi isiyojua ni ya nani.

Halafu 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani kwamba michoro kwenye matatu ni sanaa na ni kazi ya vijana, waachwe. Wueh. Nilikuwa shule ya upili, tulishangilia kama timu imefunga bao. Ndani ya miezi michache nganya zikaanza kuzaliwa, na kizazi hiki hakikuchora kwa bomba peke yake. Kilikuwa na kompyuta na mashine za kuchapisha stika kubwa. Vijana waliojifunza kukunja vinaili juu ya bampa la nganya ndio hao hao, au wanafunzi wao, waliomvika binamu yangu Demio. Nimeuliza. Fundi wake alianzia matatu za Rongai.

Lakini angalia tena. Notisi ya 2003 haikufa siku hiyo. Mstari wa manjano ulibaki lazima, ndiyo maana hata nganya kali kabisa utaona kamstari kamepita hapo chini ya uso wa mtu fulani. Ruhusa ilikuja kwa mdomo, na ruhusa ya mdomo hufuata mdomo. Tarehe 12 Novemba 2018 mawaziri Matiang'i na Macharia wakarudisha sheria za Michuki kwa nguvu, msako nchi nzima, na Jumatatu hiyo watu wakatembea tena. Mamangu akanipigia simu akicheka: "Sasa ni zamu yako."

Kwa hivyo tazama kile kijana wa Kenya amefundishwa kuhusu rangi ya gari. 1973, neno. 2004, msako. 2014, neno. 2018, msako. Hakuna hata mara moja mtu alimketisha akamwambia: rangi yako iko kwenye rejista, ukibadilisha tuambie, fomu ni hii. Alichojifunza ni kwamba rangi ni jambo la kuelewana na yule aliyesimama barabarani siku hiyo. Na ndivyo tulivyofanya sisi Jumapili ile, sitaki kujifanya malaika.

Sasa hiyo stika yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo nilicheka peke yangu usiku.

Ujerumani, mwaka 1971, iliamuliwa kwamba teksi zote ziwe rangi moja. Zamani zilikuwa nyeusi. Wakachagua rangi ya pembe za ndovu, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana, na ina namba kabisa kwenye orodha yao ya rangi: RAL 1015. Inaonekana usiku, haichomi jua, kila mtu anaijua. Vizuri. Lakini teksi ikizeeka unataka kuiuza, na ni nani anataka kununua Mercedes ya rangi ya teksi? Bei inaanguka. Kuipiga rangi upya ni gharama. Hapo miaka ya tisini suluhisho likapatikana: nunua gari nyeusi au ya bluu, ivike vinaili ya RAL 1015, fanya kazi nayo miaka kadhaa, kisha ivue. Chini yake rangi ya kiwanda inangoja ikiwa safi, imelindwa hata na mikwaruzo.

Umeelewa? Stika ya kubadilisha rangi ya gari nzima haikukuzwa na vijana watundu wa kukwepa sheria. Ilikuzwa na madereva wa teksi waliotaka kutii sheria bila kupata hasara. Na kwa upande wa rangi, Mjerumani aliamua swali la afande zamani: stika ya rangi ya teksi ikiwa juu, gari ni ya rangi ya teksi. Inayohesabika ni ile inayoonekana.

Nilimwambia binamu yangu hivyo, akanuna siku nzima.

Kwa sababu ukiikubali hoja hiyo, afande alikuwa sahihi. Sheria yetu ya 1954 haikutaja vinaili, ingewezaje. Haikusema pia "rangi ya kupaka". Inataka rejista iseme ukweli kuhusu gari. Na ukweli ni kwamba ukimuuliza shahidi aliyeona ile Demio, atasema kijani. Hakuna shahidi duniani atakayesema "ilikuwa silva chini ya kifuniko cha mafuta."

Nilitaka kubisha kwamba siku hizi kuna namba, rangi ya nini? Na namba zenyewe zimekuwa ngumu kughushi, hizi mpya zilizozinduliwa Agosti 2022. Halafu dadangu akaniuliza swali moja. "Wewe ukiita teksi usiku kwa simu, unatafuta nini kwanza?" Nikanyamaza. Uber iliingia Nairobi Januari 2015 na teksi zisizo na mstari wa manjano, wenye mstari wakakasirika, mwaka uliofuata hadi magari yakachomwa. Tulidhani rangi imekwisha kazi. Lakini simu inakuandikia nini? Demio, silva, namba hii. Usiku, mvua, stejini, namba huioni mpaka gari ikufikie. Unatafuta silva. Inakuja kijani, dereva anateremsha kioo anasema "ni mimi, ni stika tu." Dadangu anasema haingii. Hata kwa gari ya binamu yake mwenyewe, kama hangemjua, haingii.

Hapo nikaacha kubisha kwamba rangi si kitu. Karani wa 1904 amerudi, sasa anakaa ndani ya simu.

Kitu ninachobisha ni njia. Uingereza, hao hao waliotuletea daftari, leo ukibadilisha rangi unaandika kwenye logbook yako sehemu ya mabadiliko, unawatumia ofisi yao, wanakurudishia mpya bila malipo yoyote. Kwetu unaomba mtandaoni, unapeleka gari ukaguzi, unalipa, unarudisha logbook ya zamani, unangoja. Kwa mtu aliyepiga gari rangi mpya ya miaka kumi, sawa, anafanya mara moja maishani. Lakini stika ni ya miaka miwili mitatu kisha inavuliwa, na ikivuliwa gari inarudi silva, na rejista sasa inasema kijani, na tunaanza upya. Safari mbili, ada mbili. Na kama logbook iko benki kwa sababu gari ina mkopo, kama ya wengi wetu, basi kwanza uende ukaombe benki. Ndiyo watu wanaamua kubahatisha na afande. Wanapiga hesabu, na hesabu inaonyesha afande ni wa bei nafuu.

Ukiweka jina la biashara kwenye hiyo stika ndiyo unajua hujui. Sasa kaunti inataka ada ya tangazo, na ukivuka kwenda kaunti nyingine wale nao wanaweza kukuuliza ya kwao. Jirani yangu wa kuuza keki alibandua jina lake kwenye gari kwa sababu hiyo. Gari haina rangi mpya, haina mchoro, ina gundi tu pale mlangoni palipokuwa na keki.

Serikali ikitaka kufanya rangi kuwa lazima inajua kuifanya bila vita, tumeiona. Mabasi ya shule, sheria ilisainiwa mwanzoni mwa 2017, yawe manjano. Shule zikapewa muda, zikapaka. Leo unaliona basi la shule kutoka mbali na dereva wa lori anapunguza mwendo. Hakuna aliyetembea kwa miguu siku hiyo.

Kwa hivyo maoni yangu, na mnaweza kunipiga mawe hapo chini: mwenye stika aandikishe, ndiyo, hata mimi nimebadilika. Lakini iwe ni taarifa ya mtandaoni, picha nne za gari, rangi ya chini na rangi ya juu zote mbili kwenye rejista, na bila ukaguzi kwa sababu hakuna kitu kimeguswa kwenye injini wala chesisi. Karani wa 1904 hangeweza kuandika rangi mbili. Kompyuta inaweza. Afande akipiga simu aambiwe "silva, imevikwa kijani tangu Machi", atatuachilia ndani ya dakika mbili na mteja wa saa kumi na moja hatapotea. Na hawa mafundi wa stika, badala ya kudanganya watu ati "ni nguo tu", waseme ukweli siku ya kwanza kabla hawajatoa kisu.

Binamu yangu ameanza ile safari. Logbook haiko benki, kwa bahati. Ameomba, amelipa, gari inasubiri siku ya ukaguzi. Kwenye fomu alipofika kwa rangi mpya alinipigia simu aandike nini, kwa sababu yule fundi alimuuzia kwa jina refu la kifahari lenye neno "msitu" ndani. Nikamwambia andika kijani.

Jana nimeiona hiyo Demio. Kona ya bampa ya mbele, upande wa dereva, stika imeanza kubanduka. Silva imechungulia kama ukucha. Anataka kujua kama airudishe chini na gundi kabla ya ukaguzi ama aiache vile ilivyo.